Waliozunguka Mbuyu: Alan na Joan Root

Nilipokuwa mtoto nilidhani Mzima ni jina la bomba. Bomba la Mzima likipasuka huko bara, mtaa wetu wa Kisauni, Mombasa, hukauka siku mbili tatu, na akina mama huanza kumwulizia mwenye mkokoteni wa mitungi kama watu wanaoulizia daktari. Likishatengenezwa, nyanya yangu hufungua mfereji, husikiliza hewa ikikohoa ndani, kisha husema, "Mzima karudi." Utadhani ni jamaa aliyekuwa safarini.

Darasa la saba ndipo nilipojua kwamba Mzima ni mahali. Shule ilitupeleka Tsavo Magharibi kwa basi lililojaa mahamri na kelele, tukateremshwa penye kivuli cha miti, tukaambiwa tunyamaze. Mbele yetu maji yalikuwa yakitoka chini ya mawe meusi, safi kiasi cha kuhesabu kokoto. Askari wa wanyama akatueleza kuwa ni mvua ya vilima vya Chyulu: huko juu hakuna mto, maji huzama ndani ya mawe ya volkeno, husafiri gizani, kisha huibuka hapa, zaidi ya lita milioni 200 kwa siku. Sehemu yake huingizwa bombani, hushuka mpaka kwetu. Nakumbuka nilishtuka. Maji niliyoogeshwa yalikuwa yamepita kwanza karibu na makalio ya viboko.

Kuna chumba cha vioo kilichozamishwa kwenye kidimbwi kimojawapo. Unashuka ngazi, unasimama, na samaki wanakuja kukutazama wewe. Kiboko hatukumwona chini ya maji hata mmoja. Viboko walikuwa upande wa pili, migongo tu, kama mawe yaliyopakwa mafuta. Askari akasema, bila hata kugeuka, kwamba palikuwa na mzungu aliyeingia majini humu na mkewe kuwapiga picha, na kiboko akamtoboa mguu. Sisi tukacheka. Mtu mzima anaingia majini na viboko kwa hiari yake?

Miaka mingi ikapita kabla sijamjua mzungu yule ni nani. Nilikuwa nimekwenda nyumbani kumwona nyanya, umeme upo, intaneti ipo, nikatafuta jina la Mzima kwa udadisi tu, na ikatokea filamu ya mwaka 1972. Nikaiweka kompyuta juu ya stuli. Nyanya akavuta mkeka.

Filamu ile haina simba anayekimbiza swala. Haina hata mnyama mmoja ambaye ungesema ndiye mwenye filamu. Mwenye filamu ni chemchemi. Kiboko anatembea chini ya maji kwa vidole, mwepesi, kama bibi harusi aliyeambiwa asikanyage nguo yake. Samaki wanamfuata wakimchokonoa ngozi na kumsafisha. Anakunya, na kile anachokunya ndicho chakula cha wadudu na samaki wadogo, na hao wadogo ndio chakula cha wakubwa, na wakubwa ni chakula cha mnandi na mamba. Nyasi inayoliwa usiku huko nchi kavu inaingia majini kwa njia ya tumbo la kiboko. Ukimwondoa yeye, wote wanalala njaa. Nyanya, ambaye kwa miaka mingi alikuwa akiyanywa maji hayo, alitazama kimya, kisha akauliza swali ambalo mimi sikuwa nimejiuliza.

"Na aliyeshika kamera yuwapi?"

Alan Root alizaliwa London mwaka 1937, akaletwa Kenya akiwa mtoto, na huku ndiko alikokulia, akikamata nyoka na kuokota mayai ya ndege kama mvulana mwingine yeyote aliyeachwa huru porini. Filamu yake ya kwanza ilimhusu ndege mdogo mwenye vidole virefu anayetembea juu ya majani ya yungiyungi ziwani. Tazama alivyoanza. Nchi nzima imejaa tembo na vifaru, naye anamchagua ndege asiyefika kilo moja, anayelea mayai yake juu ya jani. Mwelekeo wa kazi yake yote ulikuwa umo ndani ya uchaguzi huo, ingawa mwenyewe huenda aliona tu ni ndege wa kupendeza.

Hajatimiza miaka 22 akajikuta Serengeti pamoja na Bernhard Grzimek na mwanawe Michael, Wajerumani waliokuwa wakihesabu wanyama kutoka angani kwa ndege iliyopakwa milia ya punda. Januari 1959 ndege hiyo iligongana na tumbusi, ikaanguka, Michael akafa. Alizikwa ukingoni mwa kreta ya Ngorongoro. Filamu waliyokuwa wakiitengeneza ilikuwa haijakamilika, na Alan ndiye aliyebaki na kamera, akazimaliza picha zilizokuwa zimebaki. Ilipata Oscar. Mwaka huo huo wa 1959, Wamaasai waliokuwa wakichunga ndani ya Serengeti walihamishiwa upande wa Ngorongoro. Nayaweka mambo haya mawili karibu kwa sababu yalitokea karibu, na kwa sababu katika filamu nyingi za wanyama za enzi zile utaliona lile la kwanza tu. Nitarudi huko.

Mwaka 1961 alimwoa Joan Thorpe, mzaliwa wa Nairobi, mwanamke mrefu, mwenye haya, aliyekuwa na kipaji cha kulea watoto yatima wa wanyama. Hapo ndipo jibu la swali la nyanya linapopinda kidogo. Aliyeshika kamera ni Alan. Lakini mashua aliitia majini nani? Kambi aliipanga nani, mafuta, unga, vipuri, dawa, orodha ya mikanda iliyokwisha na iliyobaki? Nani alikaa kando akiangalia mgongo wa mtu aliyebandika jicho kwenye kioo na hajui kinachomjia nyuma? Filamu zao ziliandikwa majina yote mawili. Watu waliozitazama walikumbuka moja.

Pale Mzima kiboko dume alichoka nao. Aliwajia chini ya maji akiwa amechafua tope hata hawakumwona vizuri. Jino lake lilipasua kioo cha barakoa ya Joan, likapita pembeni mwa uso wake bila kumgusa. Kisha akamgeukia Alan, akamtoboa mguu. Alilazwa hospitalini kwa muda mrefu. Nilipomsimulia nyanya haya alipiga kofi pajani. "Ati yuwaogelea na kiboko, na mkewe yuwamfuata! Huyo mwanamke hana mama wa kumkanya?"

Kwa jumla Alan alikuwa mtu wa kuumwa. Kifutu, ambaye sisi wengine twamwita moma, alimgharimu kidole. Sokwe mkubwa wa milimani alimng'ata. Alivunja ndege na helikopta kwa idadi ambayo mtu mwingine angeshaacha kurusha. Watu waliomwandikia tanzia alipofariki Agosti 2017 walizipenda sana habari hizi, na nawaelewa, zinasimulika. Mimi naona zilimfunika. Ujasiri wa aina hiyo unapatikana. Mabaharia wetu wanao, makuli wa bandarini wanao. Kilicho adimu ni mtu anayeweza kumwendea kiboko, halafu kesho yake akakaa siku kadhaa mbele ya tundu la mchwa akisubiri.

Mkanda wa milimita 16 huisha kwa dakika 10 hivi. Hujui umepata nini mpaka uende maabara, mbali, usafishwe, na barua irudi. Ukianza mapema mkanda unaisha kabla ya tukio. Ukichelewa tukio limepita. Kwa hiyo unamsoma mnyama kwanza, miezi, mpaka ujue sikio likigeuka vile, kitakachofuata ni nini. Kampuni ya televisheni iliyomlipa, Anglia ya Norwich huko Uingereza, kwa kipindi chake cha Survival, ilimwachia muda huo. Leo ukimwomba mwenye televisheni akulipe mwaka mzima umtazame mdudu, atakuuliza kama una homa.

Baada ya Mzima walikwenda kwenye mbuyu. Kwetu mtu "akizunguka mbuyu" ujue kuna noti imepita chini ya meza. Alan na Joan waliuzunguka kwa maana yake halisi: usiku na mchana, kiangazi na masika, nani anakula ua, nani analala shimoni, nani anakunywa maji yaliyotuama penye kifundo cha tawi. Mbuyu niliokulia mimi ulikuwa na vitambaa vyekundu na vyeupe, na tulikatazwa kupita chini yake wakati wa magharibi kwa sababu ya wenyewe. Mabuyu yake yaliyopikwa kwa sukari na rangi nyekundu tulinunua shuleni tukarudi na midomo kama tumepigwa. Ila mti wenyewe hatukuutazama. Ulikuwa wa kuogopwa na wa kulamba, basi.

Ndani ya filamu ile kuna hondohondo. Jike huingia katika shimo la mti, na kwa matope na kinyesi hujiziba humo mpaka ubaki ufa mwembamba tu. Dume huleta chakula, akapenyeza mdomo ufani, akaondoka, akarudi. Jike hupukutika manyoya ya mbawa humo ndani. Hata akitaka kuruka hawezi. Dume akiliwa na mwewe, habari yao imekuwa ngumu. Kamera iko ndani, gizani pamoja na mama na mayai, ikitazama ufa ule wa mwanga na mdomo wa mume ukiingia.

Nyanya alikaa wima. "Huyu yuko utawani," akasema. Akafikiri. "Lakini mwenziwe mzuri. Yuwaleta mwenyewe, hatumi mtu." Vifaranga walipokua na mama akaubomoa ukuta akatoka, nao wakajiziba tena wenyewe, alicheka mpaka akafuta mato kwa ncha ya leso. Kwa nusu saa nzima mti wa mashetani ulikuwa nyumba ya watu wanaolipa kodi.

Kuhusu nyumbu nitapita haraka, maana hiyo sehemu ya kazi yake imeigwa mno. Kila unapoona leo nyumbu wakijitupa mtoni kwa maelfu na muziki wa ngoma kubwa, jua kuna filamu ya Alan Root ya katikati ya miaka ya 1970 iliyotangulia. Ninalolikumbuka mimi ni hila ya kobe: alichukua gamba tupu la kobe, akafichamo kamera, akaliacha njiani, kundi likapita juu yake kwato kwa kwato. Ni akili ya mtoto wa kijijini, anayetengeneza gari kwa kopo la mafuta. Puto nalo lilikuwa hivyo hivyo. Alilitaka ili aone nchi bila mngurumo wa injini kuwatawanya wanyama. Mwaka 1974 akapaa nalo pamoja na Joan juu ya Kilimanjaro, jambo ambalo hakuna aliyekuwa amelifanya. Na miaka miwili baadaye akaanza kuwarusha watalii Maasai Mara. Asubuhi huko sasa maputo yanapanda kama maandazi kwenye karai. Sijui kama mtu aliyependa kimya aliyafurahia matokeo hayo yote.

Ila kama nikiambiwa nichague moja, nachagua mchwa.

Rafiki yangu wa Bungoma, niliyesoma naye, alikuwa akinisimulia kumbikumbi: namna wazee wanavyokijua kila kichuguu na mwenyewe, namna wanavyopigapiga ardhi kuwadanganya kuwa mvua imeshuka, namna wanavyokaangwa kwa mafuta yao wenyewe. Kwa watu wa kwao kichuguu ni shamba. Kwetu pwani mchwa ni adui wa nyumba ya makuti. Wote wawili tulikuwa tumeishi karibu nacho na hatukuwa tumeingia.

Filamu ya mwaka 1978, Mysterious Castles of Clay, inaingia. Udongo umekandwa kwa mate, tonge moja moja, na wafanyakazi wasioona. Kuna njia za hewa za kupoza jiji. Kuna bustani: mchwa hawezi kumeng'enya mti vizuri peke yake, hivyo hupanda ukungu juu ya makapi aliyotafuna, na ukungu ndio unaompikia. Uyoga mkubwa unaoota juu ya vichuguu mvua zikianza, ule unaouzwa kando ya barabara, ni ua la bustani hiyo. Katikati yumo malkia, tumbo limevimba hata hawezi kujigeuza, akitaga mayai kwa maelfu kila siku, na mfalme kamkalia ubavuni, mdogo, kama mume aliyesahau alichokuja kusema. Orson Welles, yule mwigizaji wa Marekani, ndiye anayesimulia kwa ile sauti yake ya chini ya pipa. Ilipendekezwa kwa Oscar, haikushinda. Sina shaka kwamba walioshinda walistahili, lakini sijui kama kuna aliyetoka kwenye filamu yao akiogopa kukanyaga mchanga.

Nikamtumia yule wa Bungoma. Alijibu usiku: "Kwa hiyo babu alikuwa akila wakulima wenzake."

Sasa lile nililoahidi kurudia. Katika saa zote hizi za picha, watu wako wapi? Tsavo ilikuwa nchi ya Wata, wawindaji wa upinde waliomjua tembo kuliko mtu yeyote, na waliosakwa na kufungwa katika miaka ya 1950 kwa kuendelea kufanya kilichowalisha babu zao. Chyulu ina Wakamba upande mmoja na Wamaasai upande wa pili. Ukitazama filamu ya Mzima hungejua. Maji yanatoka mwambani, yanapita kwa viboko, na yanaishia pale picha inapoishia. Bomba halimo. Mombasa haimo. Nyanya yangu, ambaye kwa hesabu ya filamu ile ile ni mmoja wa wanaolishwa na chemchemi, hayumo. Na sauti inayoeleza ni ya Kiingereza, inamweleza mtu aliyeketi kwenye kochi Norwich au Chicago.

Simlaumu Alan peke yake. Soko la wakati ule lilitaka Afrika isiyo na mtu, na waliotengeneza walitengeneza hivyo. Hata baadaye alipohamia kwa miaka kwenye msitu wa Ituri, Zaire ya wakati ule, kumtafuta okapi, mnyama wa jamii ya twiga, alikuwa katikati ya watu ambao Kiswahili ni lugha yao ya sokoni na ya safari. Aliishi na Kiswahili maisha yake yote. Filamu zake hazikukisema. Jambo hilo linaniuma kama vile unavyoumia kugundua jirani alikuwa na picha za harusi ya mama yako na hakuwahi kukuonyesha.

Aliowavuta kwenye kazi hii wamejaribu kulipa sehemu ya deni. Mark Deeble na Victoria Stone, Waingereza ambao Alan aliwashawishi waje Serengeti, walirudi Mzima na kutoa filamu nyingine ya viboko mwaka 2001. Mwaka 2005 wakafanya mkuyu na nyigu wake mdogo kwa subira ile ile. Filamu yao ya tembo ya Tsavo ilitolewa pia kwa Kiswahili na kuzungushwa vijijini, shuka linatandikwa ukutani, jenereta linanguruma, watoto wanakaa chini. Nimewahi kuhudhuria maonyesho ya namna hiyo, ya filamu nyingine. Mzee mmoja aliwasahihisha walioitengeneza juu ya jina la mti, wakaandika.

Na Joan. Ndoa ilivunjika, Alan alimpenda mwingine, akaenda zake. Joan alibaki katika shamba lao kando ya Ziwa Naivasha na wanyama wake. Ziwa lenyewe lilikuwa likibadilika: mashamba ya maua ya kuuza Ulaya, maelfu ya watu waliokuja kutafuta kazi, vibanda, nyavu za matundu madogo zinazokokota hata vifaranga vya samaki. Joan, ambaye mbele ya kamera alikuwa hawezi kusema sentensi tatu, alianzisha kikosi cha vijana wa pale pale kuzuia uvuvi haramu. Ndiyo, aliyekuwa akivua usiku alikuwa na watoto nyumbani, na mwanamke mwenye ekari nyingi kando ya maji hakuwa mtu rahisi wa kumsikiliza. Yote mawili ni kweli. Tarehe 13 Januari 2006, usiku, watu wenye bunduki walifika nyumbani kwake wakampiga risasi. Walioshtakiwa, mahakama iliwaachilia. Alikuwa amebakiza siku chache atimize miaka 70.

Sikumweleza nyanya habari hiyo siku ile. Nilimwonyesha filamu nyingine, ya mwaka 1980, inayowahusu Alan na Joan wenyewe na kazi yao. Kuna mahali walitaka picha ya swila anayetema sumu. Swila hutema akilenga macho, kwa hiyo lazima awepo mtu wa kutemewa. Alan ana kamera. Anayepiga magoti mbele ya nyoka, amevaa miwani, ni Joan. Nyoka anainua shingo, anatema, sumu inatapakaa kwenye vioo na kuchuruzika kama mvua dirishani. Joan hasogei. Anasubiri aambiwe kwamba imetoka vizuri.

Nyanya alikuwa ameinuka nusu kutoka mkekani, mkono mmoja kaunyoosha kwenye kompyuta yangu.

"Mpanguseni miwani huyo mtoto wa watu!" akapiga kelele. "Nyinyi! Mpanguseni!"